Simu iliyozama ziwani haiponywi na mchele

Simu ikidondoka majini pale Mwaloni Kirumba au kwenye kivuko cha Kamanga, jijini Mwanza, ushauri huwa mmoja: ifukie kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyokwisha kuingia chini ya vifuniko vya bati kwenye bodi, yaani kibao cha saketi ndani ya simu. Simu ikiwaka baada ya siku mbili, hewa ndiyo iliyoikausha. Vumbi la mchele nalo huziba tundu la chaji. Mwaka 2024 hata Apple iliwakataza wateja wake.

Kinachoua simu ni umeme kupita kwenye unyevu: hupiga shoti, na shaba huota kutu ya kijani. Kwa hiyo izime papo hapo. Usiichaji, tafadhali, hata kwa kujaribu tu. Toa kava, laini na memori kadi, na betri kama inatoka. Igonge taratibu kiganjani, tundu la chaji likiangalia chini.

Siku hiyohiyo fundi aifungue, achomoe betri, asugue bodi kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini yana madini na tope; yakikauka, masalia hubaki na kuendelea kula bodi. Ndiyo maana simu “iliyopona” huweza kuzima wiki kadhaa baadaye.