Keji inayotanuka mgongoni: kinachounga ni mfupa, si chuma

Siku moja kabla ya upasuaji nilimkabidhi mgonjwa mfano wa keji inayotanuka, kipandikizi kidogo chenye umbo la kasha tulichokusudia kumwekea kiunoni, kati ya pingili mbili za mgongo. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akakipima kwa kidole chake kidogo. "Daktari, kitu kidogo hivi ndicho kitakachonishikilia kiuno?" Nikamwambia hapana, mama. Hiki kitashika nafasi kwa miezi kadhaa tu, mfupa wako uote na kuunga. Ukishaunga, mfupa ndio utakaobeba. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe kazi kubwa ni yangu."

Alielewa jambo ambalo wengi wanaofika kliniki hawajaelezwa. Wanakuja na video kwenye simu inayoonyesha kifaa kikifunguka kama jeki katikati ya pingili mbili za mgongo, na wanauliza kama hospitali yetu inacho. Ni haki yao kuuliza. Ila video ile huonyesha sekunde chache za kazi inayochukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani kwenye video yoyote.

Tuanze na mgongo wenyewe. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha mifupa ya chini iliyoshikana. Kati ya pingili na pingili kuna diski, tishu ngumu pembeni na laini kama jeli katikati, inayopokea mishtuko. Diski ikichakaa hupoteza maji, ikapungua kimo, na pingili ya juu ikaikaribia ya chini. Pembeni mwa kila diski kuna vilango viwili vidogo, kulia na kushoto, ambamo neva hupita kuelekea mguuni. Diski ikishuka, kilango nacho hubanwa. Ndiyo maana mtu anaumwa mgongo lakini maumivu makali yanateremka matakoni, pajani, hadi kwenye unyayo, na kuna wanaohisi ganzi au mguu kukosa nguvu. Mara nyingine pingili moja huteleza mbele ya mwenzake, na kila mara mtu anapoinuka kitini inacheza.

Kuunganisha pingili maana yake ni kuzifanya mbili ziwe mfupa mmoja. Ni hatua nzito, kwa sababu mahali hapo hapatapinda tena, na diski za jirani zitabeba mzigo zaidi. Kwa hiyo nasema wazi: maumivu ya kawaida ya mgongo si sababu ya upasuaji huu. Mengi hupungua kwa wiki kadhaa kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea. Tunafikiria kuunganisha pale ambapo pingili imeteleza au inacheza, mgongo umepinda vibaya, kuna mvunjiko au uvimbe, maambukizi yamekula mfupa, au kimo cha diski kimeanguka kiasi kwamba neva haiwezi kupata nafasi kwa njia nyingine.

Upasuaji wenyewe ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1911, New York, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha taarifa za kuunganisha pingili. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa akakipandikiza mgongoni ili kutuliza mgongo ulioliwa na kifua kikuu. Hakukuwa na skrubu wala keji. Mfupa uliachwa ufanye kazi yake, na mgonjwa akalala kitandani muda mrefu akisubiri.

Keji ilikuja baadaye, na kwa njia ambayo huwashangaza wengi: kupitia farasi. Kuna ugonjwa unaobana uti wa shingo ya farasi hadi anayumba anapotembea. Daktari wa mifupa wa Marekani, George Bagby, akishirikiana na madaktari wa mifugo, alibuni silinda ya chuma cha pua yenye matundu, ikajazwa vipande vya mfupa na kupachikwa kati ya pingili za shingo ya mnyama. Mfupa ukaota kupitia matundu yale na farasi wakatulia. Wazo hilo likahamia kwa binadamu, na mwaka 1996 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaidhinisha keji za mwanzo za aina hiyo kwa matumizi ya kiunoni. Tangu hapo maumbo yamebadilika sana, lakini kanuni ni ileile: kasha lenye matundu, ndani yake mfupa, juu na chini pingili zinazolikandamiza.

Sasa tuone ile ya kutanuka inatatua tatizo gani. Ni tatizo la mlango.

Tukiingia kutokea nyuma, njia ambayo hutumika sana, tunapita kando ya neva. Lazima zisogezwe kidogo, na kila milimita ya kuzisogeza ina gharama yake. Tena nafasi ya diski haina kimo kimoja. Chukua chumba chenye dari iliyojikunja juu na sakafu iliyobonyea chini: katikati ni kirefu, mlangoni ni kifupi. Keji ya kimo kimoja ikiwa ndefu kiasi cha kugusa dari na sakafu katikati, ni ndefu mno kwa mlango. Hapo daktari hulazimika kuigonga kwa nyundo ipite. Kugonga huko kunaweza kukwaruza au kupasua tabaka gumu jembamba la uso wa pingili, na tabaka hilo ndilo litakaloizuia keji isizame. Akichagua fupi ili ipite kwa urahisi, ikifika ndani inalegea.

Keji inayotanuka huingia ikiwa imejikunja, nyingi zikiwa na kimo cha milimita 7 au 8 hivi, na ikishakaa mahali pake huinuliwa milimita kadhaa zaidi. Ndani yake mara nyingi kuna skrubu inayosukuma kabari juu ya mteremko, na kabari ikisogea bamba la juu hupanda. Nyingine hufunguka zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma, ili kiuno kirudi kwenye mpindo wake wa asili wa kuingia ndani. Zipo pia zinazotanuka kwenda pembeni ili zikalie eneo pana zaidi. Ikifikia kimo kinachotakiwa hujifunga isirudi chini.

Ndani ya chumba cha upasuaji tendo hili ni la utulivu kuliko watu wanavyofikiri. Mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C inazunguka meza. Namwona kwenye skrini mgonjwa wangu kwa rangi za kijivu: pingili mbili na kivuli cheusi cha chuma katikati yake. Nazungusha mpini wa kutanulia keji nusu duara, tunapiga picha. Nusu duara tena, picha nyingine. Mwanzoni mpini unazunguka bila kazi, kwa kuwa keji bado inaelea. Kisha unaanza kukaza mkononi. Kwenye skrini mistari miwili iliyokuwa imekaribiana inaachana, kilango cha neva kinafunguka, na jicho linashawishika kuongeza kidogo tu, kipendeze zaidi.

Hapo ndipo naomba msomaji aniwie radhi nikae kidogo, maana ndipo palipo na hatari yenyewe. Skrubu inakuza nguvu. Anayezungusha kwa vidole viwili anaweza kuinua mzigo ambao mkono wake usingeuweza kamwe, na mfupa ulio juu ya bamba hauna sauti ya kumwambia basi. Kama mfupa ni laini, keji haiinui tena pingili, inazama ndani yake, kama mguu wa meza uliowekwa kwenye mchanga mbichi. Skrini huenda isionyeshe siku ile. Wiki au miezi baadaye kimo tulichokipata kimepotea, kilango kimefungwa upya, na maumivu ya mguu yamerudi. Mipini mingi imetengenezwa iteleze nguvu ikizidi kiwango fulani, jambo zuri, ila kiwango hicho kimewekwa kiwandani na hakiujui mfupa wa mgonjwa huyu. Mimi huacha mapema. Afadhali milimita moja pungufu kwenye mfupa mzima kuliko kimo kizuri cha picha kwenye mfupa uliopasuka.

Kuna ugumu wa pili, unaosemwa kidogo. Mitambo ya ndani inakula nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ingejazwa mfupa. Tena keji ikishapanda, palipokuwa pamejaa panabaki pengo. Ndiyo maana baadhi zina tundu la kusukumia mfupa baada ya kutanuka, na binafsi sipendi ile isiyo nalo. Kasha tupu haliungi chochote.

Je, wagonjwa waliowekewa keji hizi wanapona vizuri zaidi kuliko waliowekewa zile za kimo kimoja? Tafiti zilizolinganisha hazijatoa ushindi wa wazi. Kupungua kwa maumivu, uwezo wa kufanya shughuli na kiwango cha mifupa kuunga vimekaribiana sana. Kuhusu kuzama, matokeo yanagongana: nyingine zinaonyesha nafuu, nyingine kinyume. Bei, kwa upande mwingine, kwa kawaida iko juu. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kwamba asipowekewa inayotanuka ameonewa, hajaambiwa ukweli. Mimi huichagua pale mlango ulipo mwembamba, diski imeanguka sana, na mfupa ni imara. Mfupa ukiwa dhaifu, keji pana isiyotanuka iliyokaa kwa upole huenda ikamfaa zaidi.

Mahali ambapo sina mashaka sana na inayotanuka ni kwingine: pale pingili nzima inapoondolewa kwa sababu ya uvimbe, mvunjiko mbaya au kifua kikuu. Hapo pengo ni la sentimita kadhaa, na kukata kipande cha kimo sawasawa ni kazi ngumu. Nguzo inayotanuka huwekwa ikiwa fupi, kisha hurefushwa taratibu mpaka ishike juu na chini.

Nyingi hutengenezwa kwa titani, metali nyepesi ambayo mfupa hupenda kuishikilia. Zipo pia zenye sehemu za plastiki ngumu ijulikanayo kama PEEK, ambayo ugumu wake unakaribia ule wa mfupa na ambayo eksirei hupita, hivyo ni rahisi kuona kama mfupa unaota ndani. Kwa kawaida keji haiachwi peke yake. Nyuma yake huwekwa skrubu na fito za kutuliza mahali pale.

Turudi kwa yule mama na kazi yake kubwa. Kabla ya upasuaji tulimpima msongamano wa mifupa, yaani jinsi ilivyoshiba madini, kipimo ambacho namsihi kila mwanamke aliyekoma hedhi na kila mzee akiulizie kabla ya kukubali kuwekewa keji yoyote. Alama ya T, yaani namba inayotolewa na kipimo hicho, ikiwa −2.5 au chini ya hapo, mifupa imedhoofika, na mara nyingi ni busara kuitibu kwanza. Tukaangalia vitamini D na sukari. Kama angekuwa mvutaji wa sigara tungemtaka aache wiki kadhaa kabla na aendelee kuacha baadaye, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa mchanga huitegemea, na mifupa ya wavutaji hukataa kuunga mara nyingi zaidi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zisitumiwe kiholela baada ya upasuaji, kwani kuna ushahidi kwamba zinaweza kuchelewesha mfupa. Uliza daktari wako utumie ipi, kwa siku ngapi.

Siku iliyofuata alisimama na kutembea. Alikatazwa kuinama, kunyanyua vizito na kujipinda kiuno kwa wiki za mwanzo, na hilo la kujipinda ndilo lililomshinda kukumbuka, hasa kitandani asubuhi. Maumivu ya mguu yalipungua upesi kwa kuwa neva ilipata nafasi. Hapa wengi hukosea. Kupona kwa neva si kuunga kwa mfupa. Mfupa huchukua miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, na mtu anayejisikia mzima mwezi wa pili bado anashikiliwa na chuma tu.

Homa, jeraha kutoa usaha, au mguu kuzidi kukosa nguvu ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Ukishindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa, au ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka makalio, nenda saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku. Hata asiyefanyiwa upasuaji wowote akipata dalili hizo mbili za mwisho asingoje.

Baada ya mwaka tulimpiga picha ya CT. Katikati ya vivuli vya chuma ulionekana ukanda mweupe ukitoka pingili ya juu, ukipita kwenye dirisha la keji, hadi ya chini. Akauliza tutaitoa lini. Hatuitoi, isipokuwa ikileta shida, kwa sababu kuichokoa kungevunja kile alichokijenga. Tulimpa kadi yenye jina la kipandikizi, namba yake na tarehe kilipowekwa, aionyeshe kila atakapokwenda kupigwa MRI.