Barua ya taarifa ya mbunge wa jimbo ni kitu gani, kwa sisi tunaoishi Minnesota

Ukikaa Brooklyn Park, St. Paul au popote pale Minnesota lazima ushaiona ile karatasi ngumu kwenye sanduku la posta, au imeli, ina picha ya mtu kasimama mbele ya lile jengo la bunge lenye kuba, na wengi wetu tunaitupa pamoja na matangazo ya pizza tukijua ni kampeni. Mara nyingi sio kampeni. Ni barua ya taarifa kutoka kwa mbunge wa jimbo, na nataka niielezee vizuri manake watu wetu wanapitwa na haki zao kabisa kwa kutoisoma.

Mbunge wa jimbo sio mtu wa Washington. Kongresi ya Washington ndo tunaisikia kila siku kwenye habari, Ilhan Omar yuko kule, lakini kila jimbo la Marekani lina bunge lake pia, na jimbo hapa ni Minnesota nzima, sio jimbo la uchaguzi kama Ubungo. Mkenya anaweza kumfikiria MCA, yule mjumbe wa bunge la kaunti, ila huyu ana nguvu zaidi kwa sababu bunge lake linatunga sheria za kodi ya mapato ya jimbo, shule, leseni za udereva, haki za wafanyakazi, barabara, yaani mambo yanayogusa mfuko wako kila wiki. Bunge la Minnesota lina maseneta 67 na wawakilishi 134, kila eneo la seneta limegawanywa mara mbili, A na B, kwa hiyo wewe hapo ulipo una seneta mmoja na mwakilishi mmoja. Eneo la mwakilishi lina watu kama 42,500 hivi, ni mtaa tu ukiangalia vizuri. Eneo la 38A kule Brooklyn Park, Novemba 2024 lilimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwa hiyo tusiseme tena hayo mambo ni ya wenyewe.

Sasa ndani ya hiyo barua kuna nini. Kuna habari za miswada, kuna tarehe za mikutano ya wananchi, saa nyingine dodoso la kukuuliza unaona nini kipewe kipaumbele, kuna matangazo ya mtaani kama barabara itakayofungwa au ruzuku iliyofunguliwa. Utaona herufi HF au SF na namba, usiogope, HF ni mswada ulioanzia kwa wawakilishi na SF ni ulioanzia seneti, na hiyo namba ndo unaitumia kuufuatilia mpaka mwisho. Mwaka 2023 kwa mfano HF 4 ndo ile iliyoruhusu mtu kupata leseni ya udereva bila kuulizwa hadhi yake ya uhamiaji, ikaanza Oktoba 1 mwaka huohuo. HF 5 ikaleta chakula cha bure mashuleni kwa watoto wote. HF 2 ni likizo ya malipo ya uzazi na ugonjwa, hiyo imeanza Januari 1, 2026, miaka karibu mitatu baada ya kupitishwa, na muda wote huo kuna watu walikuwa hawajui kama inakuja.

Lakini inayoniuma zaidi ni ile ya masaa ya kuumwa. Tangu Januari 1, 2024 ukifanya kazi Minnesota, hata kama ni pati taimu, kila masaa 30 unayofanya unapata saa moja ya mapumziko yenye malipo, mpaka masaa 48 kwa mwaka, unaumwa wewe au mtoto. Sheria hii ilipita ndani ya mswada mkubwa wa mambo ya kazi, humo ndani kuna vitu vingi mno na nani atausoma wote, ila kwenye barua ya mbunge inakaa mistari minne tu. Na watu wetu wangapi wanafanya kwenye nyumba za wazee na kwenye maghala, wanaenda kazini na homa kwa sababu wanaogopa kukatwa siku, au wamesikia nusunusu kwenye grupu la WhatsApp alafu supavaiza akiwaambia hakuna kitu kama hicho wananyamaza.

Kitu kingine ni muda. Bunge linaanza Januari au Februari na lazima limalize Mei, kwa hiyo barua za wakati wa kikao ndo zenye faida kubwa, zinakuambia kamati gani inasikiliza mswada gani na lini, na mwananchi yeyote anaweza kuomba kuongea mbele ya kamati au kutuma maoni kwa maandishi. Ukingoja ile barua ya mwisho ya muhtasari, mambo yameshaisha. Na mwishoni wanakimbia kweli, Mei 2024 walipitisha mswada mmoja wa zaidi ya kurasa 1,400 dakika za mwisho kabla saa sita usiku, hapo hata mbunge mwenyewe hajausoma wote sembuse wewe.

Isome lakini ukijua ameandika nani. Barua ya ofisi hairuhusiwi kuomba kura wala mchango, sawa, ila mwandishi ni mtu wa chama na atakuelezea yale aliyoyapigania na kuyapita haraka yaliyomshinda. Mimi naona dawa ni kusoma ya mwakilishi na ya seneta zote, alafu kuangalia Session Daily, ukurasa wa habari za bunge mtandaoni, hiyo inaandikwa na wafanyakazi wa bunge la wawakilishi wasioegemea chama.

Na pale chini kuna simu na imeli ya ofisi, hiyo sio pambo. Kama maombi yako ya pesa za kukosa kazi yamekwama, leseni imechelewa, msaada wa malezi ya watoto haujibiwi, bima ya afya ya MNsure, lile soko la bima la jimbo, inasumbua, hayo yote ni ya jimbo na ofisi ya mbunge inaweza kuuliza kwa niaba yako, na idara ikiulizwa na bunge huwa inajibu. Ila faili la uhamiaji, pasipoti au Social Security mpelekee mbunge wako wa Kongresi, huku watakurudisha tu. Huhitaji kuwa raia, mbunge wa jimbo anawakilisha wakaazi wote wa eneo lake, waliopiga kura na wasiopiga. Ukiandika weka adresi yako kamili ili waone wewe ni wa eneo lao, na kama Kiingereza kinakupa shida waulize mapema kama wanaweza kukupatia mkalimani.

Kujiandikisha ni bure. Ingia tovuti ya bunge la Minnesota, weka adresi ya nyumba yako, itakuonyesha seneta wako na mwakilishi wako, alafu kwenye ukurasa wa kila mmoja unaweka imeli yako. Ukihama nyumba rudia tena, manake hata kuvuka barabara moja tu kunaweza kukutoa A kukupeleka B.