Usiifute folda hiyo: dhana potofu na ukweli kuhusu matatizo ya Git

Mtu akikosea amri moja ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, na faili zikatoweka kwenye skrini, shauri analopewa haraka ni hili: futa folda yote, nakili upya kutoka kwenye seva. Linaniuma kila ninapolisikia, maana aghalabu kazi ilikuwa bado imo ndani ya folda hiyohiyo.

Dhana: git reset --hard imeua komiti zangu.

Haikuziua. Komiti ni hali ya kazi yako uliyoihifadhi kwenye historia; tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti fulani, na reset hulihamisha jina hilo. Komiti zenyewe zimebaki ndani ya .git, folda iliyofichwa ambamo Git hutunza historia; huzioni kwa kuwa hakuna tawi linalozifikia. Andika git reflog, upate orodha ya kila mahali ulipokuwa umesimama. Tafuta mstari wa kabla ya kosa, chukua alama za komiti zilizo mwanzoni mwake, kisha andika git branch okoa ukifuatisha alama hizo. Kazi imerudi.

Kwa mipangilio ya kawaida, katika orodha hiyo ya reflog rekodi za komiti zilizoachwa bila tawi hukaa siku 30, nyingine siku 90. Ila orodha hiyo huishi kwenye kompyuta yako peke yake: haisukumwi kwenye seva, wala git clone haiileti. Anayefuta folda anaifuta orodha pamoja na komiti zote ambazo hazijafika kwenye seva.

Kinachopotea kweli kwa reset --hard ni mabadiliko ambayo hujayaweka kwenye komiti. Hata hapo, kama ulikwisha kufanya git add, yaani kuyaandaa kwa ajili ya komiti, maandishi yamo. Amri ya git fsck --lost-found itayatoa, ingawa bila majina ya faili, na itabidi uyafungue moja moja. Kama hata add hukufanya, Git haina cha kukurudishia. Tazama kama kihariri chako kimetunza nakala.

Dhana: mgongano ni hitilafu, na pasipo mgongano mambo ni shwari.

Mgongano ni Git kukataa kubahatisha matawi yanapounganishwa: watu wawili wamebadilisha mistari ileile, nayo inakuuliza ibaki ipi. Ukiona mambo yamekuzidi, git merge --abort itakurudisha ulikotoka, mradi ulianza bila mabadiliko yaliyoning'inia. Nusu ya pili ya dhana hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mmoja akibadilisha jina la funksheni, na mwenzake akaiita kwa jina la zamani katika faili nyingine, matawi yataungana kimyakimya na programu itavunjika. Git hulinganisha mistari, haielewi maana yake. Endesha majaribio baada ya kila muungano.

Dhana: nikiandika jina la faili kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizifuatilie, Git itaiacha.

Itaiacha ikiwa haikuwa ikiifuatilia. Kama inaifuatilia, anza na git rm --cached, inayoitoa kwenye ufuatiliaji bila kuifuta kwako, na uwaonye wenzako: wakivuta komiti hiyo, faili itafutika kwao.

Dhana: nywila niliyoifuta katika komiti inayofuata iko salama.

Haiko salama. Komiti ya zamani bado inayo, na kila aliyenakili mradi anayo. Badilisha nywila kwanza, sasa hivi. Kusafisha historia kuje baadaye.

Dhana: seva ikikataa kazi yangu, dawa ni --force.

Mara nyingi seva inakataa kwa sababu ina komiti ambazo wewe huna, za mwenzako. Kulazimisha ni kuziondoa kwenye tawi. Fanya git fetch, usome kilichoongezeka, ndipo uunganishe. Ikiwa ni lazima uandike upya historia ya tawi lako mwenyewe, tumia --force-with-lease, ambayo hugoma tawi la seva likiwa limesogea tangu ulipolichukua mara ya mwisho. Na kama mtu amekwisha kulazimisha, mwenye komiti zilizoondolewa bado anazo kwenye kompyuta yake. Azisukume kwenye tawi jipya kabla hajashauriwa kufuta folda.