Mpigaji Aliyechoka Hahitaji Matusi Wala Dripu

Kila msimu wa kriketi unapofika katikati, simu za kitengo chetu cha afya ya wachezaji haziishi kulia. Kocha au mzazi analalamika kwamba kijana aliyekuwa akipata mikimbio 70, yaani pointi 70, sasa anatolewa akiwa na 4. Wengine hata hawaulizi sababu, wameshaamua kwamba amelewa sifa.

Mrushaji akiachia mpira kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa, mpigaji ana takriban nusu sekunde. Humo ndimo anamosoma mkono wa mrushaji, anakadiria mpira utadunda wapi, anachagua pigo na kusogeza miguu. Uchovu huanzia miguuni. Mguu wa mbele haufiki, kichwa kinalalia upande, gongo la kupigia linachelewa kidogo tu, na mpira unagusa ukingo wake na kudakwa nyuma ya wiketi, vile vijiti anavyovilinda. Presha ya mchezo huingia kwa mlango mwingine. Aliyekuwa akipiga kwa mazoea anaanza kufikiria kiwiko na mshiko, anabana gongo, na ova mbili (kila moja mirusho sita) zikipita bila mkimbio anaufuata mpira ambao juzi angeuacha upite.

Virat Kohli, mpigaji nyota wa India, alipata mikimbio 136 dhidi ya Bangladesh mjini Kolkata, Novemba 2019. Sentua yake (mikimbio 100 au zaidi) ya kimataifa iliyofuata ilikuja Septemba 8, 2022, Dubai, dhidi ya Afghanistan: 122 bila kutolewa. Katikati hapo palikuwa na unahodha, kambi za kufungiwa wakati wa korona, na kelele za mamilioni ya watu. Kabla ya mashindano yale ya Dubai alipumzika, na mwenyewe akaeleza kwamba alikaa mwezi mzima bila kushika gongo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi. Sidai kwamba mapumziko peke yake yalimrudisha. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa kiwango kile alikubali kuwa amechoka, huku baadhi ya makocha wetu wakimwongezea kijana wa miaka 16 saa mbili za mazoezi kama adhabu ya kutolewa mapema.

Sasa kuhusu taratibu za mchezo. Kwa Sheria ya 25 ya kriketi, mpigaji anaweza kujiondoa wakati wowote mpira ukiwa haumo mchezoni, na mwamuzi lazima aambiwe sababu kabla mchezo haujaendelea. Akiwa ameumia, anaumwa au ana sababu nyingine isiyoepukika, anaweza kurejea baadaye wiketi ikianguka, yaani mwenzake akitolewa. Kwa sababu nyingine yoyote, harejei mpaka nahodha wa timu pinzani aridhie, vinginevyo anahesabiwa ametolewa. Mkimbiaji wa badala, anayemkimbilia mpigaji aliyeumia, hayupo tena katika mechi za kimataifa tangu 2011. Ndiyo maana Glenn Maxwell wa Australia, misuli ikimkaza vibaya mjini Mumbai Novemba 7, 2023, alibaki karibu kusimama palepale akipiga hadi kufikisha 201 dhidi ya Afghanistan. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini tafadhali msiifanye kipimo cha watoto wenu.

La kumwekea dripu mchezaji aliyechoka tumelisema mara nyingi, na inachosha kulirudia. Kuongezewa maji kwa mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni marufuku kwa mchezaji aliye chini ya kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli, hata kama ndani yake mna maji ya chumvi matupu. Adhabu ya kawaida ni kufungiwa miaka miwili, na ikithibitika alikusudia kudanganya, minne. "Daktari wa mtaani alisema ni vitamini" haimwokoi. Kahawa haijakatazwa, ila baadhi ya dawa za mafua zina kichangamshi ambacho kikizidi kiwango siku ya mechi ni kosa.

Akizidiwa kweli kwa joto, mpelekeni hospitali bila kusita. Matibabu halali ya hospitali yanaruhusiwa, na uhai hausubiri fomu. Hakikisheni tu cheti kinaonyesha ugonjwa, kiasi cha maji, saa aliyowekewa na jina la kila dawa. Ikiwa miongoni mwa dawa hizo imo iliyokatazwa, ombi la kibali cha kuitumia kwa matibabu linaweza kupelekwa baada ya dharura, na lipelekwe mara moja, likiwa na saini ya daktari aliyemtibu. Saini ya kocha haikubaliki.