Je, wajua simu ya Wi-Fi huipata wapi namba yake?

Katika hospitali, hoteli na maghala makubwa hutumika simu za mkononi zisizo na laini, ambazo hupitisha sauti kwenye Wi-Fi ya jengo. Ukiiwasha, baada ya muda mfupi kiooni hutokea namba ya ndani, tuseme 214, pamoja na jina la wodi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba namba hiyo hutolewa na kile kifaa cha darini kinachorusha Wi-Fi, na niliwahi kushuhudia kifaa hicho kikibadilishwa mara mbili kwa sababu ya simu isiyopata namba, ilhali hitilafu ilikuwa kwenye chumba cha seva.

Kifaa cha darini ni mlango tu. Hukagua jina la mtandao na nenosiri, kisha hupitisha data. Hakijui chumba kipi, yaani anwani ipi ya mtandao, kimebaki wazi, wala nani anastahili kuitwa 214. Nadhani dhana hii hutokana na ruta za nyumbani, ambazo hubeba kazi ya mlango na ya mwenyeji, yaani mgawaji wa vyumba, katika boksi moja.

Mwenyeji ni seva inayofuata itifaki ya DHCP (kanuni za kuvigawia vifaa anwani za mtandao), iliyochapishwa mwaka 1993 na kuandikwa upya mwaka 1997. Mfikirie mgeni aliyeingia usiku kwenye mtaa ambao hamjui mtu: hupiga hodi kwa sauti ya kusikika na wote. Simu nayo hujitaja kwa anwani 0.0.0.0, yaani bado haina anwani, na kupeleka ujumbe 255.255.255.255, yaani kwa yeyote aliye karibu. Seva huitikia na kutaja chumba. Linalonivutia zaidi ni kwamba wenyeji wawili wanaweza kuitikia kwa pamoja, na mgeni hamjibu kimyakimya yule aliyemchagua, bali hutangaza uamuzi wake kwa mtaa mzima, ili mwenyeji wa pili ajue kwamba chumba chake kiko huru. Ndipo ufunguo hukabidhiwa, tena kwa muda maalumu. Muda huo ukifika nusu, simu huomba kuongezewa.

Pamoja na ufunguo huja maelekezo: sehemu ya jibu la DHCP iitwayo chaguo namba 66, au 150 kwa simu za kampuni ya Cisco, hutaja seva inayotunza mafaili ya mipangilio. Kwa kawaida simu huomba faili linaloitwa kwa anwani yake ya MAC, yaani zile tarakimu na herufi 12 zilizo kwenye kibandiko cha simu. Kwa Cisco jina hilo huanza na SEP na kuishia na .cnf.xml. Katika simu nyingi za SIP (itifaki ya kupiga simu kupitia mtandao), 214 imeandikwa humo. Katika mifumo mingine faili huelekeza tu kwenye seva ya simu, na namba hutoka huko simu ikishajisajili.

Simu ya mezani yenye waya hupitia haya yote mara tu inapochomekwa. Ya Wi-Fi hukutana na kizuizi kabla ya hodi: nenosiri la mtandao linaweza kuwa ndani ya faili, lakini faili lenyewe halifikiki bila mtandao. Kwa hiyo fundi huliandika kwa vitufe vya simu, au huiunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, au hufungua mtandao wa muda wenye nenosiri jepesi, ambako simu huchukua faili lake, hujizima na kujiwasha, kisha huhamia kwenye mtandao halisi.