Je, wajua? Ulaini wa mchuzi wa paneer hautoki kwenye nazi wala krimu, unatoka kwenye korosho

Mtu wa Kusini mwa Tanzania akiwekewa bakuli la shahi paneer, yaani mapande ya jibini la Kihindi (paneer) ndani ya mchuzi, kwenye mgahawa wa Kihindi wa hadhi ya juu, kitu cha kwanza anachokitafuta mdomoni ni nazi. Mchuzi wenyewe unamchochea. Una rangi ya maziwa yaliyoguswa na zafarani, ni mzito, umeyafunika mapande ya jibini bila kuachia maji pembeni, na kijiko kikipita, njia yake inajifunga polepole. Kwa aliyekulia Mikindani au Kilwa Kivinje, mchuzi wa namna hiyo una asili moja tu: tui la kwanza, lile zito. Mwenzake wa mezani aliyezoea hoteli za mjini atamwambia hapana, hiyo ni krimu, na siagi nyingi juu yake.

Wote wawili hawajafika. Kinachoubeba mchuzi huo, kwa sehemu kubwa, ni korosho iliyolowekwa, ikasagwa ikawa uji, ikapikwa. Ni korosho hii hii inayojaza maghala ya Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Liwale kila msimu unapofunguka mwezi wa kumi. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi inaishi kwa zao hili, na bado wengi wetu tunalijua kama kitu cha kukaanga na kutia chumvi, au cha kuuza. Kazi yake ndani ya sufuria haizungumzwi vya kutosha.

Tuanze na nazi, kwa sababu ndilo kosa la heshima zaidi. Shahi paneer ni ya mapishi ya Kipunjabi, na Punjab iko kaskazini, mbali na bahari, na leo imegawanyika kati ya India na Pakistani. Ni nchi ya ngano, ng'ombe na nyati wa maziwa. Minazi ni ya kusini mwa India, kule Kerala, Goa na Tamil Nadu. Mpishi wa Kipunjabi akitaka mafuta anashika samli, akitaka ukali kidogo anashika mtindi. Tunachanganya kwa sababu Wahindi waliotangulia kufanya biashara kwenye mwambao wetu wengi wao asili yao ni Gujarat, ikiwemo Kutch, na vyakula vyao vikakaa karibu na vyetu hadi vikazoeana na nazi. Chakula cha Kipunjabi ni jambo jingine, na ni hicho ambacho migahawa mikubwa ya Kihindi duniani imekifanya sura yake.

Lipo na kosa la pili, la kudhani kwamba meza isiyo na nyama wala samaki ni meza ya siku ya dhiki. Huku kwetu, ambako changu na pweza wanashuka ufukweni asubuhi, mtu anaona tabu kulipa pesa nyingi kwa mboga na maziwa. Wapunjabi wenyewe si wote wasiokula nyama, na kuku wao ni maarufu. Lakini wana mapishi ya mboga yaliyopewa heshima kamili: choroko nyeusi zilizochemka kwa moto mdogo usiku kucha, bilinganya zilizobabuliwa kwenye makaa zikapondwa, majani ya haradali yanayoliwa na mkate wa mahindi, dengu nzima kwenye mchuzi mkali. Kwenye gurudwara, nyumba za ibada za Kalasinga, jiko la jumuiya hupika chakula kisicho na nyama ili mtu wa dini yoyote aketi na kula. Chakula cha namna hiyo hakijapikwa kwa sababu nyama imekosekana.

Sasa krimu. Kosa hili ni gumu kulisahihisha kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ukiletewa bakuli, juu kuna mstari mweupe uliochorwa kwa kijiko, na mstari huo kweli ni krimu. Siagi nayo imo. Ila krimu hiyo mara nyingi hutiwa mwishoni, jiko likiwa limepunguzwa, kijiko kimoja au viwili, kwa ajili ya harufu na utamu wa maziwa. Uzito wa mchuzi ulikwisha kujengwa kabla yake. Iondoe krimu yote, na shahi paneer bado itasimama. Iondoe korosho, na utabaki na mchuzi wa kitunguu uliotiwa maziwa.

Kwa nini basi mpishi hategemei maziwa peke yake, ilhali Punjab imejaa maziwa? Jibu liko kwenye hayo mapande ya jibini yaliyomo bakulini. Paneer hutengenezwa kwa kuchemsha maziwa na kuyatia kitu kichachu, ndimu au siki. Maziwa yanakatika papo hapo, mabonge meupe yanaachana na maji ya kijani kibichi kilichofifia, kisha yanachujwa kwenye kitambaa na kukandamizwa chini ya kitu kizito. Mchuzi wa Kipunjabi nao umejaa vitu vichachu: nyanya, mtindi, wakati mwingine ndimu. Ukimimina maziwa ya kawaida kwenye nyanya zinazochemka umeanza kutengeneza paneer nyingine bila kukusudia, punje punje ndani ya mchuzi. Krimu nzito inavumilia zaidi, maana mafuta yake ni mengi na protini yake ya maziwa ni kidogo, lakini ni ghali, na ikichemka muda mrefu inaachia mafuta.

Korosho inaepuka mtego huo, na namna inavyouepuka ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote.

Fikiria tui la nazi, ambalo kila jikoni la pwani linalielewa. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakizuiwa yasiungane na protini kidogo iliyoyazunguka. Ndiyo maana mama anakuambia koroga, usiache mwiko, usifunike sufuria. Moto ukizidi na mkono ukitulia, ulinzi ule unavunjika, matone yanakutana, mafuta yanapanda juu na chini kunabaki maji yenye chengachenga. Tui limekatika. Korosho iliyosagwa nayo ni matone ya mafuta ndani ya maji, na nayo ina protini inayoyalinda. Tofauti ni kwamba imekuja na unga wake yenyewe. Katika gramu 100 za korosho, takriban gramu 44 ni mafuta, 18 ni protini, na 30 ni kabohaidreti ambazo sehemu yake kubwa ni wanga halisi. Joto la mchuzi likivuka nyuzi 60 hivi, chembe za wanga huanza kunywa maji na kuvimba, na maji yaliyokuwa mepesi yanakuwa mazito. Tone la mafuta linalotaka kupanda juu linakuta njia imejaa. Protini inalishika kwa karibu, wanga unaliwekea kizuizi kwa mbali. Ni kama tui lililotiwa uji mwembamba kabla halijapata nafasi ya kukatika, ila huo uji haukuongezwa na mtu. Ulikuwa ndani ya tunda tangu mtini.

Ndiyo sababu kazi hii haifanyiki vizuri hivyo kwa lozi wala karanga. Lozi ina mafuta mengi kuipita korosho, lakini wanga wake ni karibu na hakuna, na nyuzinyuzi zake ni takriban gramu 12 katika 100, ilhali za korosho ni 3 tu. Nyuzinyuzi ndizo zinazoacha mchanga ulimini hata baada ya kusaga sana. Karanga tunaijua kwenye kisamvu, na pale inafaa kweli, kwa sababu tunaitaka ladha yake. Kwenye mchuzi wa zafarani na iliki ladha hiyo ingetawala kila kitu. Korosho ina utamu mpole unaokubali kukaa nyuma.

Nisivuke mipaka, hata hivyo. Si kila mchuzi mzito wa Kipunjabi una korosho. Dal makhani, ile ya choroko nyeusi, hupata uzito wake kutoka kwenye choroko zenyewe zinazopasuka na kuachia wanga baada ya saa nyingi motoni. Mchuzi wa mchicha mara nyingi hauna korosho. Wapishi wengine huchanganya mbegu za matikiti zilizomenywa ili kupunguza gharama. Na korosho yenyewe si chuma: ukiitia uchachu mwingi kupita kiasi na kuichemsha kwa moto mkali, protini yake nayo inaweza kugandamana na mchuzi ukapoteza ulaini.

Lipo pia jambo la historia ambalo jina la chakula hiki linalificha. "Shahi" maana yake ni "ya kifalme", na shahi paneer huelezwa kama chakula cha kasri za Wamughali, watawala wa India wa zamani, na mlaji hudhani kila kilichomo kilikuwa India tangu kale. Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioupeleka Goa na kuuleta Afrika Mashariki katika karne ya 16. Nyanya na pilipili nazo ni mazao ya bara la Amerika. Mahindi ya ule mkate wa Kipunjabi, vilevile. Kwa hiyo bakuli linaloonekana kuwa la zamani kuliko yote mezani limejengwa na mazao yaliyovuka bahari, na mkorosho wa Mtwara na mkorosho wa Goa ni ndugu waliosafirishwa na mabaharia wale wale.

Safari haijaisha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania imeuzwa ghafi, ikiwa na ganda lake, na India imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Viwanda vya Kollam, Kerala, vimebangua korosho za Afrika kwa vizazi kadhaa. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo korosho hupitishwa kwenye mvuke au moto kwanza, ndipo ibanguliwe, ikaushwe na kumenywa kile kiganda chembamba chekundu. Katika kazi hiyo nyingi huvunjika. Nzima nyeupe ndizo zinazopata bei kubwa na kwenda kwenye makopo ya zawadi. Vipande huuzwa chini zaidi, na vipande ndivyo vinavyofaa kwa jiko la mgahawa, maana kitu kinachokwenda kusagwa hakihitaji umbo.

Kwa hapa kwetu hilo lina faida ya moja kwa moja. Nenda kwa wanaobangua, uliza vipande vyeupe ambavyo havijakaangwa wala kutiwa chumvi. Zile za kwenye vifuko vya barabarani zitakupa mchuzi wa kahawia wenye ladha ya moshi. Konzi moja inatosha watu wanne. Loweka kwenye maji ya moto nusu saa, mpaka kipande kikibanwa kwa kidole gumba kinapondeka bila kukatika katika. Saga na maji kidogo kwanza, uongeze baadaye. Ukianza na maji mengi, punje zinakimbia kisu cha mashine. Sugua tone kati ya vidole viwili, na ukisikia chembe, rudisha isagwe tena. Kaanga kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya hadi mafuta yaachane na viungo, ndipo umimine uji wa korosho, moto mdogo, mwiko usitoke sufuriani. Dakika ya tatu au ya nne mkono utahisi mchuzi unakuwa mzito ghafla. Huo ni wanga unafanya kazi yake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Wapo watu ambao mwili wao unakataa korosho vibaya, hadi kufunga pumzi, na orodha ya vyakula mara nyingi haiitaji kwa sababu imesagwa na haionekani. Kuona "mboga tupu" kwenye orodha si usalama kwao. Kabla ya kuagiza, mwite mhudumu na umuulize wazi: "Kaka, samahani, je, mchuzi huu una korosho ndani? Na michuzi yenu mingine je?" Akisitasita, mwombe aende jikoni kwa mpishi.

Na ukibakiza mchuzi hadi kesho yake, utaukuta umeganda kama ugali mwepesi. Haujaharibika, wanga ukipoa hukaza. Urudishe jikoni kwa moto mdogo, ongeza maji ya moto kijiko kwa kijiko huku unakoroga, na utalegea tena.