Kinaya katika "Ozymandias": kulisoma shairi la Shelley kuhusu madaraka yapitayo

Kinaya ni hali ya jambo kugeuka kinyume cha lilivyokusudiwa au lilivyotarajiwa. Mtu husema neno akiwa na maana yake, kisha hali inayomzunguka ikalivika neno hilohilo maana nyingine kabisa, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Wengi hukichanganya na kejeli. Kejeli ina mwenyewe: yupo anayecheka na yupo anayechekwa. Kinaya hakihitaji mtu wa kucheka. Wakati peke yake unatosha kukizaa. Katika ushairi wa Kiingereza sijui mfano ulio wazi kuliko "Ozymandias", soneti ya Percy Bysshe Shelley iliyotoka Januari 1818 katika gazeti la The Examiner la London.

Shairi lina mishororo 14 tu. Nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, anasema alikutana na msafiri aliyetoka nchi ya kale. Msafiri akamsimulia kwamba jangwani imesimama miguu miwili mikubwa ya jiwe, kiwiliwili hakuna. Karibu yake umelala uso uliopasuka, nusu umefukiwa na mchanga, lakini bado umekunja ndita na midomo imebenuka kwa dharau, ile dharau ya mtu aliyezoea kuamrisha. Kwenye kitako cha sanamu yamechongwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: jina langu ni Ozymandias, mfalme wa wafalme; zitazameni kazi zangu, enyi wenye nguvu, mkate tamaa. Kisha tunaambiwa kwamba hapana kingine kilichosalia. Mchanga mtupu, tambarare, umeenea hadi macho yanapokoma.

Tukae kwanza kwenye hayo maandishi, maana ndiyo roho ya shairi. Mfalme alipoamuru yachongwe alikusudia kuwavunja moyo wafalme wenzake: jitahidini mtakavyo, hamtanifikia. Siku hizo maneno yalikuwa na ushahidi wake pembeni. Ushahidi umetoweka, maneno yamebaki. Hakuna aliyebadilisha hata herufi moja, ila amri ileile ya kukata tamaa sasa ina sababu nyingine. Mwenye nguvu anayepita hapo leo hakati tamaa kwa sababu Ozymandias alikuwa mkubwa mno. Anakata tamaa kwa sababu aliyekuwa mkubwa kiasi hicho kaishia hapo, na yeye zamu yake inakuja. Kwa hiyo mfalme alisema kweli bila kujua. Na Shelley haelezi kitu. Anaweka maandishi, halafu anaweka mchanga, basi. Kazi ya kuunganisha kamwachia msomaji.

Kinaya cha pili hupitwa na wasomaji wengi, nacho kiko kwa mchongaji. Huyu alikuwa mtu wa kutumwa. Alimchonga bwana wake, lakini tabia yake alikuwa ameisoma barabara, akaitia kwenye jiwe pamoja na ubaridi wake wote. Anaiga na papo hapo anadhihaki. Yamkini mfalme alipoitazama sanamu aliona ukuu. Sisi tunaona ukatili. Ndiyo maana jibu la kusema "dhamira ni kwamba kila kitu hupita" mimi halinitoshi. Katika shairi hili si kila kitu kimepita. Dola imekwisha, kazi ya fundi ipo, na hiyo iliyobaki inamshitaki yule aliyeiagiza.

Usimulizi nao una hila yake. Nafsineni hajaona chochote, kasimuliwa na msafiri. Msafiri naye kasoma kwenye jiwe. Jiwe lilichongwa na fundi. Mtu aliyejiita mfalme wa wafalme hawezi hata kusema nasi mwenyewe, lazima apite kwa watu wengine watatu. Upande wa umbo sitakawia: ni soneti, lakini vina vyake havifuati mpango wa Kiitaliano wala ule wa Kiingereza, vimeingiliana kwa namna yake.

Sasa historia kidogo. Ozymandias ni jina la Kigiriki la Ramses wa Pili, farao aliyetawala Misri miaka 66 katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Diodorus wa Sisilia, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza sanamu kubwa ya mfalme huyo na maandishi yake. Lakini kwa Diodorus sanamu haina hata ufa mmoja, na maandishi ni changamoto: anayetaka kujua ukuu wangu, na aishinde moja ya kazi zangu. Shelley kabadilisha yote mawili. Sanamu kaivunja, na mahali pa changamoto kaweka kukata tamaa. Bila mabadiliko hayo mawili, kinaya tulichokieleza kisingekuwapo.

Mara nyingi husemwa kwamba alitunga baada ya kuona kichwa cha sanamu ya Ramses kilichopelekwa British Museum. Kichwa hicho, chenye uzito wa zaidi ya tani 7, mvumbuzi Mwitaliano Giovanni Belzoni alikiondoa Thebes, mji wa kale wa Misri, mwaka 1816, lakini kilifika London mwaka 1818, shairi likiwa tayari. Habari zake huenda zilimfikia. Jiwe lenyewe alikuwa hajaliona. Hata jangwa lile tupu ni la kubuni: magofu ya hekalu la Ramses yako karibu kabisa na mashamba ya bonde la Nile.

Alichokuwa nacho Shelley mbele ya macho ni siasa za Ulaya. Napoleon alikuwa amefungiwa kisiwani St Helena tangu 1815, na wafalme waliomshinda walikuwa wakijirudishia viti vyao kana kwamba havitaondoka tena. Shelley aliuchukia ufalme wa kila namna. Washairi wa ulimbwende, yaani mkondo wa Romanticism aliokuwamo Shelley, walipenda magofu, ila yeye aliyatumia kama hoja.

Msomaji wa Kiswahili hapa atakumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayokadiriwa kutungwa miaka hiyohiyo, na majumba ya Pate yaliyobakiwa na popo. Mada ni moja, njia ni mbili. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake, anaukanya, anaukumbusha Akhera. Magofu kwake ni ushahidi wa mahubiri. Shelley hana Akhera ya kumpeleka msomaji, kwa hiyo anaacha magofu yaseme yenyewe.

Kuna njia ya tatu pia. Shelley alitunga akishindana kirafiki na Horace Smith, na shairi la Smith juu ya mfalme huyohuyo lilitoka katika gazeti lilelile Februari 1818. Smith anaanza vizuri, kisha anageuka kumwonyesha msomaji mwindaji wa siku zijazo akizurura nyikani palipokuwa London, akashangaa ni taifa gani lenye nguvu lililokaa pale. Wazo ni zuri, lakini katufanyia kazi yote ya kuwaza. Leo shairi lake husomwa zaidi kwa ajili ya kulinganishwa na la mwenzake.